Chumba cha kompyuta alichoingia mpwa wangu, na stara tuliyoisahau

Juzi baada ya Isha simu yangu ililia mara tatu mfululizo. Alikuwa dada yangu mkubwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Umeiona picha?" akaniuliza hata kabla ya salamu. Sikuwa nimeiona. Nikafungua kundi letu la WhatsApp la ukoo, lenye watu sabini na kitu, kutoka Mombasa na Malindi hadi Muscat, na nikaikuta.

Picha yenyewe ni ya mwanawe, anayesoma katika chuo kikuu kimoja huko California. Ameshika karatasi zilizotoka kwenye printa, anacheka. Alimtumia mamake peke yake, kumwambia kwamba laptopu yake imekufa wiki ya mitihani lakini asiwe na wasiwasi, amepata mahali pa kufanyia kazi na kuchapisha bure. Nyuma yake, ukutani, kuna bendera yenye rangi za upinde wa mvua. Chini ya bendera wamekaa wanafunzi wawili mbele ya kompyuta, na nyuso zao zinaonekana wazi. Mmoja wao amejifunga mtandio.

Dada yangu hakujua bendera ile ni ya nini. Aliipeleka picha kwenye kundi la ukoo kwa furaha ya mzazi, watu wamwone kijana anavyojituma. Dakika tano baadaye mtoto wa ami yetu akaandika: "Hicho si chumba cha mashoga?" Basi pakachafuka. Wengine walimwombea dua kijana, wengine wakamlaumu mama kwa kumpeleka mtoto ng'ambo. Kisha mmoja akauliza swali lililonitia baridi: "Huyo msichana wa mtandio ni wa nani? Mbona kama namjua?"

"Wewe ndiye uliyesomea mambo ya kompyuta," dada akaniambia. "Niambie basi, chumba hicho ni cha nini, na mwanangu anatafuta nini humo?"

Ni kweli nina diploma ya teknolojia ya habari, na kwa miaka kadhaa niliendesha saiba Majengo kabla ya simu za mkononi kutuua kibiashara. Nilimwomba dada siku mbili. Nimesoma, nimezungumza na mpwa wangu kwa kirefu, na nimeona heri majibu niyaandike hapa, kwani si dada yangu pekee mwenye mtoto Marekani, Kanada au Uingereza.

Kabla sijaendelea niweke jambo moja wazi. Msimamo wa dini yetu kuhusu mapenzi ya jinsia moja unajulikana, na mimi si shekhe wa kuujadili upya. Sheria ya Kenya nayo inajulikana: tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwamba hata hivyo kundi la watu hao halifai kunyimwa usajili wa shirika kwa sababu hiyo pekee. Mwenye kutaka mjadala huo ataupata kwingine. Mimi nimeulizwa kuhusu chumba chenye kompyuta, na nitajibu kuhusu chumba chenye kompyuta.

Vituo hivi vilianzaje?

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani kuna ofisi za kuwahudumia wanafunzi wa aina mbalimbali: wanafunzi kutoka nje, wanafunzi weusi, wenye ulemavu, waliowahi kuwa wanajeshi. Miongoni mwake kuna vituo vya wanafunzi wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, wanaoitwa kwa kifupi LGBT. Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua ofisi ya aina hiyo mwaka 1971, na ndicho kinachotajwa kuwa cha kwanza nchini humo. Chuo cha UCLA, Los Angeles, kilipata kituo chake mwaka 1995.

Vituo hivi kwa kawaida ni vidogo. Ni chumba kimoja au viwili vyenye makochi, rafu ya vitabu, meza, mshauri mmoja au wawili wanaolipwa mshahara, na wanafunzi wanaofanya kazi kwa saa chache kwa wiki. Katika vingi utakuta kona ya kompyuta na printa. Kona hiyo ndiyo iliyomvuta mpwa wangu.

Kompyuta hizo zina historia yake, na inamhusu mtu aitwaye David Bohnett. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka GeoCities. Mwishoni mwa mwaka 1994 Bohnett na mwenzake John Rezner walianzisha kampuni iliyompa mtu yeyote nafasi ya bure ya kutengeneza ukurasa wake kwenye intaneti. Kurasa zilipangwa kwa mitaa, kila mtaa na mambo yake: wapenda magari huku, wapenda sayansi kule. Mtaa mmoja uliitwa WestHollywood, na huo ulikuwa wa wapenzi wa jinsia moja. Bohnett mwenyewe ni mmoja wao. Mwenzi wake, Rand Schrader, aliyekuwa hakimu Los Angeles, alifariki kwa UKIMWI mwaka 1993, na sehemu ya mtaji wa GeoCities ilitoka katika fedha za bima ya maisha alizoacha.

Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3. Bohnett alipotajirika alianzisha wakfu, na moja ya kazi za wakfu huo imekuwa kuweka kompyuta katika vituo vya LGBT mijini na vyuoni. Makumi ya vituo yamepata vyumba hivyo, na kile cha UCLA kimepewa jina lake. Wakfu kwetu ni neno tunalolijua: mtu anatoa mali, faida yake inawaendea watu asiowajua. Wao huitoa kwa makusudi yao, lakini mpango ni huo huo.

Kwa nini kompyuta, Marekani kwenyewe?

Hapa ndipo nilipokwama mwanzoni, na dada yangu pia. Chuo kikuu cha Marekani kina maktaba zilizojaa kompyuta. Karibu kila mwanafunzi ana simu mfukoni. Ya nini basi kuweka nyingine tano au sita kwenye kituo kidogo?

Jibu la kwanza ni macho ya watu. Maktabani skrini yako inaonekana na aliyekaa nyuma, aliye kando na anayepita. Bwenini unaishi na mwenzio chumba kimoja. Simu na laptopu za wanafunzi wengi zimelipiwa na wazazi, na baadhi zimeunganishwa na akaunti ya familia, hivi kwamba alichotafuta mtoto chuoni kinaweza kujitokeza kwenye kompyuta ya nyumbani. Mwanafunzi anayetaka kujua habari za kipimo cha virusi vya UKIMWI, au jina la mshauri wa kuzungumza naye, anahitaji mashine isiyo yake na skrini isiyotazamwa.

Jibu la pili ni vichujio. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka shule na maktaba zinazopata punguzo la serikali la gharama za intaneti kuweka programu za kuzuia picha chafu. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliihalalisha mwaka 2003. Lengo lilikuwa kuwalinda watoto, na hilo hakuna mzazi atakayelipinga. Lakini programu ya kompyuta haina akili ya mzazi. Huzuia kwa orodha, na orodha hutengenezwa na watu. Katika wilaya ya shule ya Camdenton, jimbo la Missouri, orodha iliyotumika ilizifunga tovuti zilizowasaidia vijana wa LGBT na kuziacha wazi zile zilizowapinga, ingawa zote mbili hazikuwa na picha chafu. Kesi ilipelekwa mahakamani, na Februari 2012 mahakama iliamuru wilaya hiyo iache kutumia mpango ule. Vyuo vikuu kwa kawaida havichuji namna hiyo, lakini vijana wanaofika huko wanatoka katika shule zilizowazoesha kwamba kuna maneno ukiyaandika skrini inafunga na jina lako linarekodiwa.

Jibu la tatu ndilo ambalo sikulitarajia: fomu. Msaada wa karo wa serikali ya Marekani unaombwa kupitia fomu ya mtandaoni iitwayo FAFSA. Kwa kawaida mwanafunzi aliye chini ya miaka 24 huhesabiwa kuwa yuko chini ya wazazi wake, na fomu humtaka ajaze habari za mapato ya wazazi. Sasa mfikirie kijana wa miaka 19 aliyefukuzwa nyumbani. Mzazi hapokei simu yake, sembuse kumpa karatasi za kodi. Asipopata njia, msaada hana, na asipokuwa na msaada chuo hana. Njia ipo: ofisi ya misaada ya chuo inaweza kumhesabu kuwa anajitegemea, lakini ni lazima alete maelezo, vielelezo na barua za watu wanaoijua hali yake. Yaani aandike, achapishe, asaini, atume, arudishiwe, aandike tena. Katika kituo, kompyuta, printa na mtu wa kumwandikia barua vyote viko chumba kimoja, na mtu huyo hahitaji kuelezwa upya kwa nini baba hapokei simu.

Mpwa wangu aliniambia kwamba siku aliyoingia hakuona mtu anayefanya jambo la ajabu. "Mjomba, mmoja alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi. Mwengine analia mbele ya fomu. Mimi nilikuwa na insha ya kurasa kumi na mbili. Printa iko bure na hapana foleni."

Nikamuuliza kama walimtaka ajiandikishe au aseme yeye ni nani. Akasema hakuulizwa kitu ila kama anahitaji karatasi zaidi.

Namna chumba kinavyoendeshwa

Masharti hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini misingi inafanana, na mtu yeyote aliyewahi kuendesha saiba ataielewa.

Kwanza ni mpango wa meza. Skrini huelekezwa ukutani, au hubandikwa kioo chembamba kinachomfanya aliye ubavuni aone giza tu. Wafanyakazi hukaa mahali wanapouona mlango, si mahali wanapoziona skrini.

Pili ni kusafisha nyayo. Kompyuta ya watu wengi ikiachwa bila ya kutunzwa hukumbuka kila kitu: tovuti ulizofungua, maneno uliyotafuta, faili uliyopakua, hata neno lako la siri ukikubali kulihifadhi. Zipo programu, kama Deep Freeze, zinazoirudisha kompyuta katika hali yake ya asili kila inapozimwa na kuwashwa. Atakayekuja baada yako anaikuta kama mpya.

Tatu ni mipaka ya haki. Chumba ni cha wote, kwa hivyo muda wa kukaa unaweza kuwekewa kikomo wakati wa msongamano, karatasi za bure zina idadi, na mtu hafungui mambo ya faragha kubwa mbele za wengine.

Nne, na hili wengi hulisahau, ni kusema ukweli kuhusu usalama wenyewe. Kompyuta ikisafishwa haina maana mtandao haujui. Intaneti ya chuo hupita katika mitambo ya chuo, na mitambo hiyo inaweza kuweka kumbukumbu. Ukiingia kwenye barua pepe yako, mwenye huduma ya barua pepe anajua umeingia. Kituo kizuri huwaambia wanafunzi hivyo mapema. Stara ya chumba ni dhidi ya jirani, mwenzio wa bwenini na atakayekalia kiti chako baada yako. Haimkingi mtu na kila jicho duniani.

Kosa langu mwenyewe

Nilipoyasoma haya nilikumbuka jambo nisilopenda kulikumbuka.

Saiba yangu ilikuwa na kompyuta sita, shilingi moja kwa dakika. Nilizipanga skrini zote zielekee kwangu, kwa sababu mbili: nijue nani amemaliza muda wake, na nihakikishe vijana hawafungui uchafu. Niliona huo ndio uadilifu. Wazazi wa mtaani walinisifu.

Siku moja alikuja binti wa jirani, mwanafunzi wa chuo. Alikaa nusu saa, akalipa, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Kiti chake kikachukuliwa na kijana wa mtaa huo huo. Alipobofya kisanduku cha kutafutia, yale maneno ya binti yakashuka yenyewe, mstari kwa mstari: dalili za virusi, kipimo kinafanywa wapi, majibu huchukua siku ngapi. Kijana akacheka kwa sauti, akawaita wenzake. Nilinyanyuka nikamfokea, nikaifunga ile kompyuta, lakini neno lilikuwa limeshatoka mlangoni. Kufikia Magharibi mtaa mzima ulikuwa umemaliza kumpima yule binti na kumpa majibu.

Huenda alikuwa anaandika kazi ya darasani. Huenda alikuwa anamuulizia rafikiye. Sijui mpaka leo, kwani hakurudi tena, na baada ya miezi michache walimpeleka kwa nyanya yake Lamu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tunapenda kuitoa methali hiyo kumlaumu anayeficha. Yule binti hakuwa anaficha. Alikuwa anauliza, na mimi niliyempa mahali pa kuulizia nilishindwa kumsitiri kwa kazi ya sekunde kumi: kufuta kumbukumbu za kompyuta kabla ya kumkalisha mteja mwengine.

Mji mmoja, watu wawili waliotazamwa

Huenda msomaji akasema, hayo ni ya wagonjwa na wanafunzi wetu, hao wa bendera yatuhusu nini? Nitajibu kwa mji mmoja wa Marekani: New Brunswick, jimbo la New Jersey, kilipo Chuo Kikuu cha Rutgers.

Mwaka 2009 msimamizi wa jengo moja mjini humo aliingia katika nyumba ya kupanga akakuta vifaa vya ajabu na picha za watu na majengo. Aliogopa akidhani ni pango la magaidi, akawaita polisi. Ilipojulikana baadaye, nyumba ile ilikuwa ya polisi wa New York, waliovuka hadi jimbo jingine kuwapeleleza Waislamu. Waandishi wa shirika la habari la Associated Press waliufichua mpango huo, na wakaonyesha kwamba polisi hao walikuwa wakizifuatilia pia tovuti za jumuiya za wanafunzi Waislamu katika vyuo mbalimbali, Rutgers kikiwemo, bila ya wanafunzi hao kushukiwa kosa lolote. Kazi yao ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2012. Wanafunzi wa Kiislamu walianza kuchunga wanachoandika na wanayezungumza naye. Sisi huku tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika.

Septemba 2010, katika chuo hicho hicho, kijana wa miaka 18 aitwaye Tyler Clementi, aliyekuwa ndio kwanza ameanza masomo, aliomba abaki peke yake chumbani jioni moja. Mwenzake wa chumba aliacha kamera ya kompyuta ikiwa wazi, akamtazama akiwa na mwanamume mwengine kupitia kompyuta ya chumba jirani, kisha akatangaza mtandaoni. Siku chache baadaye Tyler alijiua.

Sisemi mambo haya mawili ni sawa, wala siwaambii wasomaji wangu wabadilishe itikadi zao. Nasema aliyetazamwa bila ya ridhaa yake hudhurika kwa namna inayofanana, awe ametoka msikitini au kwingineko. Sura ya Hujurat imekataza kupelelezana, na sijamsikia shekhe hata mmoja akifundisha kwamba katazo hilo lina orodha ya watu wanaoruhusiwa kupelelezwa kwa burudani.

Vyumba vinavyofungwa

Dada yangu aliniuliza pia kama Wamarekani wenyewe wote wanavikubali vituo hivi. Hawakubaliani. Wapo wanaosema fedha za umma hazifai kuendesha ofisi kwa ajili ya kundi moja la wanafunzi, na katika baadhi ya majimbo hoja hiyo imeshinda. Texas ilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 kuzuia ofisi za aina hiyo katika vyuo vya umma, na Chuo Kikuu cha Houston kilikifunga kituo chake hata kabla ya hapo, mwaka 2023. Utah ilifuata kwa sheria yake, na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Utah kikafunga chake.

Kompyuta zenyewe hazipotei kwa sheria kama hizo. Chuo kinaweza kuzihamishia maktaba au ofisi nyingine. Kinachoondoka ni ule mpangilio: skrini inayoelekea ukutani, printa isiyo na foleni, na mshauri wa kumwandikia barua kijana wa ile fomu ya karo. Mtu anaweza kuunga mkono kufungwa huko au kukupinga, lakini ajue ni nini hasa kilichofungwa.

Na sisi huku?

Saiba hazijafa. Nenda nje ya ofisi yoyote ya serikali Mombasa, Kilifi au Kwale utakuta vibanda vya kujazia fomu: eCitizen, KRA, maombi ya vyuo, mikopo ya HELB. Mteja humtajia mwenye kibanda nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na mara nyingi hata neno la siri, kwa sauti, watu kumi wakisikia. Nakala za vitambulisho hulundikana kwenye kompyuta miezi na miezi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Sheria hiyo haijafika kwenye vibanda vingi nilivyopita.

Kwa wenye vibanda na vituo vya kompyuta vya misikiti, madrasa na kaunti nina maneno machache. Geuzeni skrini. Futeni kumbukumbu baada ya kila mteja, au wekeni programu itakayoifanya kazi hiyo. Mpeni mteja aandike mwenyewe neno lake la siri. Msihifadhi nakala ya kitambulisho msiyoihitaji. Kama mnachelea uchafu, zuieni tovuti chafu kwa programu, lakini kila mara mtazame ni nini kingine kilichozuiwa, msije mkamfungia mama mjamzito habari za ujauzito wake.

Kwa wazazi wenye watoto ng'ambo: ulizeni kabla ya kulia. Mtoto aliyewatumia picha kwa furaha akipokewa kwa matusi ya ukoo mzima, mara ya pili hatatuma. Hata ile siku atakayokuwa na shida ya kweli atatafuta chumba kingine cha kuielezea, na chumba hicho hakitakuwa chenu.

Nilimweleza dada yangu yote haya kwa simu, karibu saa nzima. Alisikiliza. Mwishoni akasema bado hapendi mwanawe aingie mle, na akitengeneza laptopu yake basi. Nikamwambia hiyo ni haki yake kama mama, na azungumze naye yeye, si ukoo. Kisha nikamuuliza kuhusu yule msichana wa mtandio.

Alinyamaza. "Subhanallah," akasema. "Mimi sikumtazama kabisa. Nilikuwa namtazama wangu."

Pengine msichana yule alikwenda kuchapisha insha kama mpwa wangu. Pengine alikuwa na shida yake. Popote alipo ana mama, na huenda ana kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu sabini na kitu. Hakumwomba mtu ampige picha. Nimeshamwambia mpwa wangu kosa lake: katika chumba kile, kama hospitalini, hupigi picha ikiwa kuna watu nyuma yako.

Usiku ule ule dada aliifuta picha kwa kila mtu kwenye kundi, akaandika ujumbe mfupi kuwaomba walioihifadhi waifute. Watu kumi na mmoja walijibu kwamba wameshafuta. Wengine hawajajibu mpaka leo.

Yule aliyeuliza msichana ni wa nani yumo miongoni mwa wasiojibu. Kesho baada ya Alasiri, inshallah, nitakwenda kwake mwenyewe.